Je, Wajua? Nani Amempa Mnasihi Kiti Chake

Ukishuka daladala Buhongwa, ukapita meza za nyanya na mafungu ya dagaa, unaanza kusoma vibao. Fundi simu. Wakala wa fedha. Saluni ya kike. Tunachapa na kutoa kopi. Siku hizi kati ya hivyo kimeingia kibao kingine, cha maandishi ya bluu: USHAURI NASAHA, NDOA, VIJANA, MSONGO WA MAWAZO. Chini yake namba ya simu, na mlangoni pazia. Leo safu hii inasimama mbele ya kibao hicho. Nani kamruhusu aliye nyuma ya pazia? Na ukitoka mle umeumia kuliko ulivyoingia, unamshtaki wapi?

Je, wajua kwamba karatasi iliyotiwa fremu ukutani, nyuma ya kiti cha mnasihi, inaweza kuwa leseni ya biashara tu? Leseni ile inasema mwenye ofisi ameruhusiwa kufanya biashara mahali pale na amelipa ada. Cheti cha TIN kutoka TRA kinasema mtoza kodi anamjua. Karatasi zote mbili unaweza kuzikuta kwenye duka la saruji na mabati, na ni halali vilevile. Hakuna hata moja inayoeleza alisoma nini, alifanya mazoezi chini ya nani, wala ni miiko gani aliyokubali kuishika. Tumezoea kuiheshimu karatasi ya fremu kabla ya kuisoma. Isogelee, uisome.

Je, wajua kwamba Tanzania Bara mganga wa tiba asili ana baraza lake kisheria, lakini mnasihi hana? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliunda baraza la kusajili waganga na kusimamia kazi yao, na maombi yao hupitia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua kwa nini jambo hilo ni zito. Januari 2015, baada ya miaka ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali ilipowapiga marufuku wapiga ramli chonganishi, swali la kumuuliza mganga lilikuwepo tayari: usajili wako uko wapi? Usajili haukumfanya mganga awe mwema. Ulimfanya apatikane. Ndiyo faida yake ya kwanza, nami naiona ni kubwa kuliko heshima yoyote ya cheti.

Je, wajua kwamba daktari wa Mwanza bado anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Jina la Tanganyika limebaki kwa sababu afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina utaratibu wake. Sheria ya mwaka 2017 iliwaweka chini ya baraza hilo madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Wauguzi na wakunga wana baraza lao, chini ya sheria ya mwaka 2010. Kwa hiyo daktari na muuguzi wanaokuhudumia Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971 pale kilimani, wana mtu wa kuwauliza maswali wakikosea. Ila sheria ya wanasihi na wanasaikolojia peke yao, inayofika mpaka chumba cha kupanga kilichopo mtaani, Tanzania Bara haipo.

Je, wajua kwamba Kenya wanayo? Inaitwa Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia, Namba 14 ya mwaka 2014. Imeunda bodi ya kuwasajili, kuwapa leseni na kuwawajibisha wanaokiuka maadili. Sasa fikiria basi la asubuhi kutoka Mwanza kwenda Kisumu. Ndani yake amekaa mnasihi, begi miguuni, cheti cha mafunzo ya miezi mitatu ndani ya begi. Akiwa Magu ni mnasihi. Akiwa Tarime ni mnasihi. Akivuka mpaka wa Sirari na kukanyaga Isebania, anatakiwa kuwa na namba ya usajili au akae kimya. Mtu ni yuleyule, ujuzi ni uleule, na wagonjwa wa pande zote mbili wana moyo wa aina moja.

Je, wajua kwamba daktari wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia tiba na mnasihi ni watu watatu tofauti? Wa kwanza amesomea udaktari, kisha akabobea; anaandika dawa. Wa pili amesomea saikolojia na kuitumia katika tiba. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinatoa shahada ya uzamili ya fani hiyo. Haandiki dawa, anapima na kutibu kwa mazungumzo yenye mpangilio. Wa tatu anaweza kuwa na shahada, stashahada, au semina ya wiki moja iliyofanyika ukumbi wa kanisa. Mtaani wote watatu tunawaita “daktari”, tena wengine hatuwasahihishi kwa aibu ya kuonekana hatujui.

Neno lenyewe, je? “Nasaha” lilitoka Kiarabu zamani na kuota mizizi kwetu: wosia wa mzee kwa kijana, maneno ya somo kwa mwari, hotuba ya bibi kwa bwana harusi. “Ushauri nasaha” kama huduma ya ofisini, yenye kiti na miadi, lilisambaa kwa sababu moja kubwa, na sababu hiyo ilitoka upande wetu wa ziwa.

Je, wajua kwamba wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983? Hapakuwa na dawa ya kufubaza virusi. Kilichokuwepo ni maneno. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 1987, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO nchini Uganda, na kuwazungumzisha wagonjwa na jamaa zao kukawa nguzo ya kazi yao. Kwetu, mwaka 1989, Theresa Kaijage, ofisa ustawi wa jamii kwa taaluma, alianzisha WAMATA, Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Baadaye vikaja vituo vya kupima kwa hiari, na kila aliyepima alipitia kwanza kwa mshauri nasaha. Watu wengi wa umri wangu mara ya kwanza kuambiwa “kaa hapa, unachosema hakitoki nje” ilikuwa kwenye chumba cha kupimia damu. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 ikaja kuufanya ushauri kabla na baada ya kipimo kuwa wajibu. Hivyo dola ilikuwa tayari inajua kuyawekea mazungumzo sheria. Iliyawekea sheria kwa ugonjwa mmoja, ikaishia hapo.

Haikuwa hata mara ya kwanza. Je, wajua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka mume na mke, kabla ya kuomba talaka mahakamani, wapeleke mgogoro wao kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, isipokuwa kwa sababu maalumu? Baraza hilo lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Tangu mwaka 1971, basi, Mtanzania amekuwa akikaa mbele ya watu waliowekwa na sheria kusikiliza siri za chumbani kwake. Kuhusu saikolojia, sheria haikuwadai wajumbe hao chochote. Nimewahi kukaa nje ya baraza la namna hiyo, kwenye benchi la mbao lenye mguu mmoja mfupi, na kila neno la ndani lilitufikia sisi tuliokuwa tunasubiri zamu.

Je, wajua kwamba shule nazo ziliagizwa? Waraka wa Elimu Namba 11 wa mwaka 2002 ulitaka huduma ya ushauri na unasihi shuleni na vyuo vya ualimu. Anayepewa kazi mara nyingi ni mwalimu mwenye vipindi vyake kamili vya hisabati au Kiswahili. Mtoto anayemwambia jambo zito saa nne, saa sita anamkuta mbele ya darasa ameshika chaki.

Kwa watoto kuna namba 116. Ni simu ya bure ya kusikiliza na kusaidia watoto, inaendeshwa na C-Sema. Iandike nyuma ya mlango wa jikoni.

Je, wajua kwamba wakili analindwa na sheria kwa siri uliyompa, na mnasihi hakutajwa? Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inakinga mazungumzo ya wakili na mteja wake. Inakinga pia mazungumzo ya mume na mke wakiwa ndani ya ndoa. Mnasihi hana kinga ya namna hiyo. Akiitwa kizimbani, ahadi aliyokupa nyuma ya pazia ni ya kiungwana tu.

Tena usiri hauvunjwi mahakamani tu. Jirani yangu mmoja hapa Buhongwa alifiwa na mtoto, kisha ndoa ikaanza kuyumba. Akaenda kwa mshauri aliyesifiwa mtaani. Alinisimulia mwenyewe, tumekaa uani kwake, sahani ya mchele mapajani, anachambua chenga huku anasema. Chumba kilikuwa na viti viwili vya plastiki, feni ya mezani na daftari kubwa la kaunta lililofunikwa kwa gazeti. Mshauri alipokea simu mara mbili yeye akiwa analia. Wiki ya pili aliingia saluni, na dada aliyekuwa anasukwa kiti cha pembeni akamgeukia: “Pole mama, nimesikia ya shemeji.” Mchele ukasimama mkononi. “Nilimwambia yeye peke yake,” akaniambia. “Hata mama yangu mzazi hajui.” Hakwenda tena kwa mshauri yeyote. Nilipomwuliza kama alilalamika popote, alinitazama kama niliyemwuliza njia ya kwenda mwezini. Alalamike kwa nani?

Swali lake ndilo lililonifanya niandike haya. Sheria ya fani hupigiwa debe na wenye fani, kwa sababu wanataka kutambuliwa, kulipwa vizuri na kutofautishwa na matapeli. Wana haki. Lakini mimi naitaka kwa ajili ya huyu mama aliyeshika sahani ya mchele.

Turudi nyuma kidogo.

Je, wajua kwamba Lutindi, milimani Usambara wilayani Korogwe, ilianza miaka ya 1890 kama makao ya watoto waliotoka utumwani, ikaja kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili enzi za Wajerumani, na ipo mpaka leo? Mirembe ya Dodoma ilifuata wakati wa Waingereza. Hospitali hizi zilijengwa mbali na nyumbani, na mpaka sasa ukimwambia mtu wa Mwanza “utapelekwa Mirembe”, anasikia tusi. Wengi wetu tunajificha nyuma ya pazia la mtaani kwa kuogopa jina hilo.

Je, wajua kwamba aliyeandika kitabu kilichosomwa dunia nzima juu ya “akili ya Mwafrika” alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili kabla ya kusomea fani hiyo? Ni J. C. Carothers. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa Mathari, Nairobi, akiwa daktari wa kawaida. Mafunzo rasmi aliyapata baadaye Uingereza. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake, kilichomlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mwaka uliofuata akaandika juu ya saikolojia ya Mau Mau, na serikali ikapata maneno ya kitaalamu ya kuuita uasi ugonjwa. Kwa hiyo ninaposema leseni ni muhimu, nakumbuka pia kwamba Carothers alikuwa na kila muhuri wa serikali. Muhuri bila mtu wa kumhoji mwenye nao haukumsaidia mgonjwa hata mmoja wa Mathari.

Je, wajua kwamba Sigmund Freud aliandika kitabu kizima mwaka 1926 kumtetea mtu aliyeshtakiwa kwa kutibu bila udaktari? Mwanafunzi wake Theodor Reik, msomi wa saikolojia asiye daktari, alikumbwa na sheria ya Austria dhidi ya matapeli wa tiba. Freud akauliza: anayesikiliza nafsi ya mtu, kwani ni lazima ajue kupasua tumbo? Akajibu hapana, anachohitaji ni mafunzo ya kazi ile yenyewe. Kesi ikafa. Reik alipohamia Marekani mwaka 1938, wenzake wa New York nao walimkatalia uanachama kamili kwa sababu ileile, na mwaka 1948 akaanzisha chama chake. Austria iliyomshtaki ilikuja kutunga Sheria ya Tibasaikolojia mwaka 1990, ikaifanya kuwa fani inayojitegemea, na milango yake ikawa wazi kwa wasio madaktari. Hoja ya Freud ilichukua zaidi ya miaka 60 kufika bungeni kwao.

Kwa haraka haraka, duniani: Jimbo la Connecticut, Marekani, liliwawekea wanasaikolojia sheria mwaka 1945. Virginia lilianza kuwapa leseni wanasihi mwaka 1976, na California likawa la mwisho kati ya majimbo 50, mwaka 2009. Italia ilitunga yake mwaka 1989. Ujerumani ilitunga mwaka 1998, ikaanza kutumika Januari 1999. Quebec, Kanada, tangu mwaka 2012 huwezi kujiita mtabibu wa saikolojia bila kibali.

Na Uingereza, waliotuachia sheria nyingi tulizonazo? Je, wajua kwamba kule mpaka leo majina ya mnasihi na mtabibu wa mazungumzo hayajalindwa na sheria? Yaliyolindwa tangu mwaka 2009 ni majina kadhaa ya wanasaikolojia, kama mwanasaikolojia tiba. Mengine yanategemea vyama vya hiari. Akifukuzwa kwenye chama, kesho yake anaweza kutundika kibao upya. Jirani yangu angekuwa London angeuliza swali lilelile.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua, kwa sababu lina pande mbili.

Je, wajua kwamba baadhi ya tiba za mazungumzo zilizothibitika vizuri Afrika zimetolewa na watu ambao sheria kali ingewafungia? Anza na ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Kwenye vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, wenyeji wasio madaktari walifunzwa wiki mbili, kisha wakaongoza vikundi vya watu wenye sonona kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliokaa kwenye vikundi walipona kwa kiwango kikubwa kuliko wasiokaa. Kule Kivu Kusini, katika vijiji 16, wasaidizi wa kijamii walitoa tiba ya vikundi kwa wanawake waliobakwa vitani; utafiti ukatoka mwaka 2013, na nafuu ilikuwa kubwa. Moshi kwetu na Bungoma, Kenya, watu wa kawaida waliofunzwa waliwahudumia watoto waliofiwa na wazazi, wiki baada ya wiki, kwa Kiswahili.

Halafu kuna mabibi wa Harare. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na wanawake wazee 14 wa mtaa wa Mbare, akawapa mafunzo na mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mgonjwa anakaa, bibi anasikiliza, wanatafuta tatizo moja la kulishika kwanza. Hawakutumia neno la kitabuni. Walisema kufungisisa, Kishona cha kufikiri kupita kiasi. Kisukuma, Kihaya na Kijita navyo vina maneno yao kwa hali hiyo. Mtu aliyeishi Mwanza ameyasikia. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha mabibi wale walifanya kazi kubwa, na mabenchi yamefika mpaka Zanzibar.

Basi tutunge sheria inayomfukuza bibi kwenye benchi kwa sababu hana shahada? Hapana. Angalia vizuri Masaka, Kivu, Moshi na Harare. Kote kulikuwa na kitu kimoja ambacho mshauri wa jirani yangu hakuwa nacho: mtu nyuma yake. Walifunzwa kazi moja mahususi, wakasimamiwa, wakaambiwa kesi gani wampe daktari, na mgonjwa alijua zahanati aliyopaswa kurudi kulalamika. Sheria inayotufaa ndiyo hiyo. Imwachie bibi benchi lake, imwandike jina, na imwandike na anayemsimamia. Anayetaka kufungua ofisi na kulipisha, huyo adaiwe elimu, usajili na miiko.

Je, wajua kwamba ziwa hili limetuachia deni la maombolezo? Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa, na wengi wamelala kwenye makaburi ya Igoma, wengine bila jamaa zao kuwaona mara ya mwisho. Tarehe 20 Septemba 2018 ikazama MV Nyerere, karibu na Ukara, watu 228. Waliokaa na wafiwa walikuwa mapadre, wachungaji, masheikh, wazee wa ukoo na majirani walioleta kuni na maji. Walifanya kazi kubwa, na naandika hivyo kwa heshima yote. Lakini matanga huisha. Ninamfahamu baba ambaye mpaka leo anakwenda Bukoba kwa barabara, anazunguka ziwa lote, maana hawezi kukanyaga meli. Mtu kama huyo anastahili mtaalamu, na anastahili kujua kwamba aliyejiita mtaalamu ni mtaalamu kweli.

Je, wajua kwamba kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa? Mnasihi anayesikia “nilitaka kujimaliza” amesikia, kwa macho ya sheria, habari ya kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kinakiuka Katiba. Huku kwetu bado mtu anaweza kuamka wodini na kumkuta askari. Anayeogopa askari hasemi, na asiyesema hatibiwi.

Je, wajua kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kwamba wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wameshatiliana saini ya kutambuana? Wanasihi hawamo. Wala hawawezi kuwamo leo, kwa sababu kutambuana kunahitaji pande mbili zenye daftari la majina, na sisi daftari hatuna. Bima nayo humlipa mtoa huduma anayetambulika. Kwa hiyo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikishika kasi, asiyetambuliwa atabaki wa kulipwa taslimu, na atakayekosa ni mgonjwa asiye na taslimu.

Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa kuwa na watu 3,699,872 mwaka 2022. Kwa ajili yao, waheshimiwa wabunge wetu, sheria ya Kenya ipo, imechapishwa, inasomeka. Anzeni hapo, mrekebishe palipowashinda wao.

Wakati tunasubiri, hili la mwisho ni kwa ajili yako unayefikiria kuingia nyuma ya pazia. Muulize mnasihi: umesomea wapi, na kwa muda gani? Nani anakusimamia? Jambo likikuzidi utanipeleka kwa nani? Daftari lako linalala wapi usiku? Uliza kwa adabu, kabla ya kutoa pesa. Aliyefunzwa vizuri amezoea maswali hayo.

Na je, wajua kwamba daftari lile la kaunta lililofunikwa kwa gazeti tayari lina sheria yake? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya yako zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Anayezikusanya anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuzitoa kinyume na lengo ulilompa bila sababu ya msingi ni kosa. Malalamiko hupelekwa kwenye Tume hiyo. Jirani yangu hakulijua hilo alipotoka saluni siku ile. Nimemwandikia jina la Tume kwenye karatasi, ameiweka ndani ya Biblia yake.